Taa za barabarani, kivuko, kituo, mtaro: mnayasemaje kwa Kiingereza?

Ndimi_Mbili aliandika:

Wakuu, habari za saa hizi.

Naomba msaada wa msamiati. Kiingereza cha darasani kipo, ila ikifika kuzungumzia mambo ya mtaani, yaani barabara, usafiri, zahanati, maji, uwanja wa watoto, maneno yanakata. Kila kitu kinaishia "the road is bad" na "there is traffic". Maswali yangu:

1. Taa za barabarani ni "street lights" au "traffic lights"? Kamusi inatoa yote mawili.
2. Kivuko, kituo, uwanja, mtaro: kila neno naona lina wenzake watatu au wanne. Lipi linakwenda wapi?
3. Basi unapanda "in" au "on"?
4. Barua ya kuripoti barabara mbovu inaandikwaje isisomeke kama kulia lia?

Nayahitaji kwa mambo mawili: mazungumzo ya IELTS (mtihani wa kupima Kiingereza), na hiyo barua. Tafadhali msinipe orodha ya maneno 200. Orodha ninazo, kazi iko kwenye kuzitumia.

---

Mfasiri_Huru alijibu:

Orodha zinakuangusha kwa sababu zinampa kila neno la Kiswahili mwenzake mmoja tu. Mambo ya mtaani hayakubali hivyo. Maneno yetu ya hapa ni mapana, Kiingereza kinayakata vipande. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, uliza kitu chenyewe kinafanya kazi gani.

Taa za barabarani. Inayomulika usiku ni "street light". Zinazoongoza magari kwa nyekundu, njano na kijani ni "traffic lights", na husemwa kwa wingi hata nguzo ikiwa moja: "Turn left at the traffic lights." Marekani utasikia pia "stoplight". Ukiripoti "the street lights are not working" na wewe ulimaanisha za magari, fundi atakuja na ngazi kutafuta balbu.

Kivuko. Chombo kinachovusha watu na magari majini ni "ferry". Mahali pa mto penye kina kifupi, watu na magari wanapopita ndani ya maji, ni "ford". Sehemu ya kuvukia waendao kwa miguu ni "pedestrian crossing". Ikiwa na mistari mipana myeupe ni "zebra crossing", na Mmarekani ataiita "crosswalk". Reli ikikatiza barabara bila daraja, Uingereza ni "level crossing", Marekani ni "railroad crossing". Daraja la waendao kwa miguu juu ya barabara si kivuko tena, ni "footbridge".

Kituo. Basi linaposimama kidogo kushusha na kupakia ni "bus stop". Linapoanzia na kumalizia safari, penye tiketi na sehemu ya kungojea, ni "bus station" au "bus terminal". Treni, polisi, zimamoto, mafuta na kura zote huchukua "station": "railway station", "police station", "fire station", "petrol station", "polling station". Afya, vijana na jamii huchukua "centre": "health centre", "youth centre", "community centre". Na ile "steji" yetu usiirudishe ikawa "stage". Msomaji wa mbali ataona jukwaa la muziki.

Uwanja. Wa ndege ni "airport". Wa mpira wenye majukwaa ya watazamaji ni "stadium", lakini eneo lenyewe la kuchezea ni "pitch" kwa Mwingereza na "field" kwa Mmarekani. Wa watoto wenye bembea na mtelezo ni "playground". Ule wa wazi katikati ya mji ni "square". Kiwanja cha kujengea kimekaa peke yake: "plot", na Marekani "lot".

Mtaro. Huu ndio unaosumbua wengi kwenye barua. Wa udongo, wazi, kando ya barabara: "ditch". Uliojengwa kwa saruji au mawe kupitisha maji ya mvua: "drain", au "storm drain" ukitaka utofautishwe na maji machafu. Kijia chembamba cha maji kinachofuata ukingo wa lami: "gutter". Uliochimbwa kulaza bomba au waya na baadaye ufukiwe: "trench". Kalavati lenyewe, "culvert", hupita chini ya barabara kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukiandika "the trench is blocked", mhandisi atadhani kuna mradi wa bomba umekwama.

---

Kalamu_ya_Risasi alijibu:

Naongezea kundi jingine ambalo ni la hatari zaidi: maneno tuliyoyachukua kwa Kiingereza yakabadilika tabia huku kwetu, kisha tunayarudisha tukidhani bado ni yale yale.

Kipilefti imetoka kwenye "keep left", lakini ukisema "turn at the keep left" hakuna atakayekuelewa. Sema "roundabout", na Marekani "traffic circle" au "rotary". Kuelekeza mtu pale kuna fomula yake: "At the roundabout, take the second exit." Wanahesabu njia za kutokea, hawasemi kata kulia au kushoto.

Trafiki kwetu ni askari. Kwao "traffic" ni magari yaliyopo barabarani. "The traffic stopped me" inamaanisha magari yalikuwa mengi hukupita. Askari ni "a traffic police officer". Tena "traffic" haihesabiki: hakuna "a traffic" wala "traffics". Nyingi ni "heavy traffic", chache ni "light traffic". Usiseme "big traffic".

Foleni ni "fall in", amri ya gwaride ya kujipanga. Ya watu ni "queue" (hutamkwa "kyuu") au Marekani "line". Ya magari ni "traffic jam". Kwenye maandishi rasmi tumia "congestion", nayo haina wingi.

"Transport" sio nauli! "I don't have transport" maana yake hakuna gari la kukubeba. Ukiwa huna hela ya safari ni "I don't have the bus fare." Na malipo yenyewe hayafanani: "fare" ya kusafiri, "toll" ya kupita barabara au daraja, "fee" ya huduma kama kujiandikisha maktaba, "fine" ya kosa.

"Infrastructure" nayo haipokei "s". "Facility" inapokea: "sports facilities", "medical facilities". Ila usiitumie kila mahali kama kitambaa cha kufutia meza. Kama ni choo, andika "public toilet". Kama ni bomba la maji la kuchotea watu wote, andika "standpipe" au "public tap". Kisima cha kuchimba kwa mkono ni "well", kilichotobolewa kwa mashine kwenda chini sana ni "borehole". Jalala ni "dump", na lile lililopangwa kitaalamu taka zikafukiwa kwa tabaka ni "landfill".

---

Greda_Zamu_ya_Pili alijibu:

Swali la nne ndilo langu. "The road is bad" haimwambii mtu wa barabara kitu chochote, kwa sababu kila ubovu una jina, chanzo na tiba yake. Ukitaja ubovu kwa jina lake, tayari umemwambia aje na vifaa gani.

Barabara ya lami, "paved road" au "tarmac road":
- "Pothole" ni shimo. Chanzo cha kawaida: ufa, maji yakaingia, tabaka la chini likalainika, tairi zikamalizia.
- "Cracks" ni nyufa. Zikiwa zimesukana kama magamba huitwa "crocodile cracking", Marekani "alligator cracking". Hizo zinaonyesha kwamba chini kumechoka, kuziba juu peke yake hakutadumu.
- "Rut" ni bonde refu linalochimbwa na tairi zinazopita palepale.
- "Edge break" ni kingo za lami kumegeka, hasa pale ambapo bega la barabara, "shoulder", limeshuka chini kuliko lami.

Barabara isiyo na lami, "unpaved road": ikiwa na changarawe ni "gravel road", ikiwa udongo mtupu ni "dirt road" au "earth road". Vile vituta vidogo vidogo vilivyopangana vinavyotikisa gari hadi meno ni "corrugations", Marekani "washboard". Barabara inayopitika mwaka mzima ni "all-weather road", isiyopitika ni "impassable". Usiandike "the road is not passing".

Maji: yakituama juu ni "standing water", yakifunika barabara nzima "the road is flooded", yakiibeba "the road has been washed away". Kalavati lililojaa mchanga ni "silted up", lililozibwa na takataka ni "blocked". Barabara huinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, na mwinuko huo ni "camber", Marekani "crown". Kwa lami huwa karibu asilimia 2 hadi 3, kwa changarawe asilimia 4 hadi 6. Changarawe iliyopoteza mwinuko huo hugeuka bwawa, hata ikiwa mitaro ni mizima.

Sasa vitenzi, maana wengi wanaomba "construct the road" wakati kinachohitajika ni kazi ya siku moja:
"Patch" ni kuziba mashimo. Kazi nzuri hukata shimo kuta zisimame wima, huondoa uchafu na maji, hupaka lami nyepesi ya kushikisha, hujaza, hushindilia. Ikitupiwa kokoto tu, mvua inayofuata inaondoka nazo.
"Grade" ni kusawazisha kwa greda, kwa barabara ya changarawe au udongo.
"Regravel" ni kuongeza changarawe iliyokwisha.
"Resurface" ni kuweka tabaka jipya juu.
"Rebuild" au "reconstruct" ni kubomoa na kuanza chini.
"Clear" au "desilt" ni kuzibua kalavati na mtaro.

Kitenzi "tarmac" kikipokea "-ed" au "-ing" huongezwa "k": "The road was tarmacked." Neno lenyewe ni kifupi cha "tarmacadam", lililotokana na jina la John McAdam aliyeeneza ujenzi wa barabara za kokoto zilizoshindiliwa. Edgar Purnell Hooley, mzaliwa wa Wales, ndiye aliyeipatia tarmac hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1902. Marekani sema "asphalt", kwa sababu wao "tarmac" huwapeleka uwanja wa ndege.

Na matuta: "speed hump" ni pana, kama mita 3 hadi 4, la barabara za mitaa. "Speed bump" ni jembamba na kali, la maegesho na vijia binafsi. Vimistari vinavyonguruma chini ya tairi ni "rumble strips". Ukiomba "bumps" kwenye barabara ya mabasi unaomba springi zivunjike.

---

Koma_na_Nukta alijibu:

Namba tatu. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia kwa kutanua miguu, huchukua "on" na "off": "get on the bus", "get off the train", "get on a motorbike". Kile unachoinama kuingia na kukaa huchukua "in" na "out of": "get in the taxi", "get out of the car". Matangazo rasmi husema "board" na "alight", ila mdomoni "alight" inasikika kama kipaza sauti cha stesheni.

Ukitaja njia ya usafiri bila kutaja chombo fulani: "by bus", "by train", "by ferry", bila "the" wala "a". Kwa miguu ni "on foot".

Makosa yanayotokana na sentensi zetu:

"Basi limeniacha" si "the bus left me". Sema "I missed the bus." Ile ya kwanza inasikika kama uchumba umevunjika.

"Nitashukia hapa" si "I will drop here". Sema "I'll get off here." "Drop" ni kazi ya dereva: "Could you drop me off at the library?"

"Iko umbali wa kilomita 5" si "it is 5 kilometres far". Ni "5 kilometres away". "Far" haikai na namba.

"Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu" ni "a ten-minute walk", bila "s" kwenye "minute".

"Gari limefanya ajali" si "made an accident". "The car had an accident" au "was involved in an accident". Maandishi mengi ya usalama barabarani siku hizi hupendelea "crash" au "collision", kwa hoja kwamba "accident" inaonyesha kama haikuwa na wa kulaumiwa.

Mahali nako kuna mtego wa "mbele ya". Kitu kilicho upande uleule karibu na mlango ni "in front of the school". Kilicho ng'ambo ya barabara kikitazamana nayo ni "opposite the school", bila "of" wala "to". Mmarekani atasema "across from the school". Njia panda nayo: zikikutana nne ni "crossroads", barabara moja ikigawanyika mbili ni "fork", moja ikiishia kwenye nyingine kwa pembe mraba ni "T-junction". Mtaa usio na pa kutokea ni "dead end".

---

Mfasiri_Huru alijibu:

Kwa nyongeza ya @Greda_Zamu_ya_Pili kuhusu Uingereza na Marekani, yapo maneno ambayo kuyabadilisha ni zaidi ya lafudhi, maana yenyewe inageuka.

"Pavement" ndilo baya kuliko yote. Kwa Mwingereza wa kawaida ni njia ya waendao kwa miguu kando ya barabara. Kwa Mmarekani ni uso wa barabara magari yanapopita, naye njia ya miguu huiita "sidewalk". "Walk on the pavement" kwa mmoja ni usalama, kwa mwingine ni kifo.

"Subway" Uingereza ni njia ya chini ya ardhi ya kuvukia watu, Marekani ni treni ya chini ya ardhi. "High street" Uingereza ni mtaa mkuu wenye maduka, wala haina uhusiano na "highway". "Surgery" Uingereza inaweza kuwa ofisi ya daktari tu, si lazima kisu. "Public school" Marekani ni shule ya serikali, Uingereza ni aina fulani ya shule za kulipia, hivyo salama andika "government school" au "state school". Zahanati kuiita "dispensary" kunaeleweka kwa wanaozungumza Kiingereza cha huku kwetu, lakini Mmarekani wa leo atafikiria duka la bangi. "Clinic" haina utata huo.

IELTS inakubali Kiingereza cha pande zote mbili. Ukianza na "lorry", "petrol" na "car park", usimalizie na "truck", "gas" na "parking lot".

---

Ndimi_Mbili aliandika:

Wakuu nimenyanyua mikono. Nimejaribu barua kabla ya kusahau. Nilikuwa nimeiandika hivi:

"The road of our area is very bad. It has many holes and the water is not passing in the trench. The people are crying. We request you to construct the road."

Irekebisheni bila huruma.

---

Greda_Zamu_ya_Pili alijibu:

Haina wapi, haina kiasi, na ombi ni kubwa kuliko tatizo. Mtu wa ofisini akiisoma hana pa kumtuma fundi. Mambo yanayotakiwa ni mahali kwa alama zisizohama, upande wa barabara na unaelekea wapi, upana na kina, nini kinasababisha, unataka nini kifanyike. Mfano:

"I am writing to report two faults on the road between the primary school and the health centre. About 200 metres past the footbridge, on the left-hand side heading towards the health centre, there is a pothole roughly 80 centimetres across and 15 centimetres deep. Next to it, the culvert is blocked with silt, so water flows across the road whenever it rains and the edge of the tarmac is breaking away. Could you please have the culvert cleared first and the pothole patched afterwards? I attach three photographs."

Angalia mpangilio wa ombi: kalavati kwanza. Shimo likizibwa huku maji bado yanapita juu, kiraka kitang'oka. Na kwenye picha weka kitu kinachojulikana ukubwa, futi kamba au hata kiatu, kina kionekane.

---

Koma_na_Nukta alijibu:

Barua hiyo iko sawa kwa ofisi. Kwa IELTS General Training barua inatakiwa maneno 150 au zaidi, hiyo haifiki, kwa hiyo ongeza aya ya athari: nani anaathirika na vipi. "Cyclists have to swerve into the path of oncoming vehicles" ina nguvu kuliko "the people are crying". "Swerve" ni kukwepa ghafla, "oncoming" ni yanayokuja mbele yako. Umeanza "Dear Sir or Madam", malizia "Yours faithfully". Umetaja jina la mtu, malizia "Yours sincerely".

Kwa mazungumzo, sehemu ya pili wanakupa dakika 1 ya kujiandaa na unaongea dakika 1 hadi 2. Usiitumie dakika hiyo kuandika sentensi. Andika majina sita ya vitu halisi: "bus stop, footbridge, playground, library, storm drain, street lights", na pembeni ya kila kimoja kitenzi kimoja. "The footbridge links the two sides of the market." "The street lights come on at dusk." Kwa picha ya jumla tumia "within walking distance", "well lit", "poorly maintained", "overcrowded at rush hour".

Matamshi mawili ya kuangalia: "vehicle", ile "h" haisikiki. Na "road" isigeuke "load", hasa kama lugha yako ya kwanza haitofautishi "r" na "l". "A heavy load on a narrow road" ni sentensi nzuri ya kujipimia, irudie taratibu mara tano kila sauti ikiwa mahali pake.

---

Ndimi_Mbili aliandika:

Hapo kwenye "load" nimejijua. Swali moja la mwisho: ile sehemu pembeni ya barabara kuu ambapo magari makubwa huegesha kupumzika, ni "parking"?

---

Kalamu_ya_Risasi alijibu:

"Parking" ni kitendo cha kuegesha, kwa hiyo "I left it in the parking" haipo. Ile ndogo ya kuchepuka kando ni "lay-by" Uingereza, na ile kubwa yenye vyoo na meza ni "rest area" Marekani. Ukanda wa dharura unaoambatana na barabara kuu, ambao hairuhusiwi kupumzikia, ni "hard shoulder".